Wapangaji Aliowashona Wifi

Wifi yangu alikuwa fundi wa mapazia, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliujua mji wetu kwa madirisha. Ukimtajia mtu, hakumkumbuka kwa sura wala kwa ukoo. Alitulia kidogo, akatazama juu kama anayepima, kisha akasema, "Yule wa madirisha mawili marefu na kadogo ka choo," na hapo ndipo mtu mwenyewe alipomjia. Alikuwa dada wa pekee wa marehemu mume wangu, mtoto wa katikati baina ya kaka wawili, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, mwenye pini mdomoni hata siku asizoshona. Namwandika mimi kwa sababu kisa chake na nyumba ya mama mkwe kimezunguka sana, na kila mdomo kinaopitia unakiongezea chumvi. Familia hii ina jina, na jina halilindwi kwa kunyamaza tu. Wakati mwingine hulindwa kwa kusema mambo yalivyokuwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, sebule ndefu, jiko linaloangalia ua, na baraza nyembamba ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi mpaka ikawa kama kioo cha maji. Mama mkwe aliishi humo mpaka siku yake ya mwisho, na wifi aliishi naye, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, akirudi kwenye cherehani chumba cha pembeni kila mama aliposinzia. Mgonjwa alizoea sauti ile. Cherehani ikinyamaza, aliamka na kuuliza nani ametoka.

Alipofariki, tulikaa tukakubaliana kuuza. Fungu la mume wangu likawa la wanangu. Shemeji, mdogo wao anayeishi mji wa mbali, alitaka lake kwa mambo yake, na sikumwuliza mambo gani. Lakini wa kuuhitaji kweli uuzaji ule alikuwa wifi. Maisha yake yote alikuwa ameshona kwenye baraza za watu na pembe za nyumba za watu, na hakuwahi kumiliki hata kizingiti. Sasa alikuwa amekipata chumba anachokitaka: duka la mlango mmoja mbele, chumba cha kulala nyuma, na ukuta wa kati wenye mwanga wa asubuhi. Mwenye chumba, mzee fundi saa aliyechoka macho, alikubali kumsubiri. Kumsubiri, alisema, lakini si mpaka saa zote zisimame.

Mnunuzi wa nyumba alipatikana mapema, mfamasia na mkewe, watu wa heshima wanaonunua kwa mkopo wa benki. Kilichobaki kilikuwa karatasi za mirathi, nazo hutembea kama kobe aliyebeba mzigo. Katika kusubiri huko ndimo kisa chote kilimozaliwa.

Wiki ile ile ya msiba nilimchukua wifi akakae kwangu, maana sikutaka alale peke yake kule. Nyumba ikabaki na kufuli. Sasa, mtu asiyeishi mtaa kama ule hawezi kujua nyumba isiyowashwa taa inavyozungumzwa. Wiki ya kwanza watu husema wamesafiri. Ya pili husema wamegombana. Ya tatu watoto wa marehemu wameshafikishana mahakamani, wameuziana vijiko, na mama yao analia kaburini. Mbali na wezi, ambao nao wana masikio. Nikamwambia wifi, "Nyumba ya mama isionekane tupu. Weka pazia, washa taa jioni, anika nguo mbili tatu. Kuuza kwetu ni shauri letu." Neno lile nililisema kwa ajili ya heshima ya nyumba, na halikuwa baya.

Ila nilimwambia fundi.

Nilipokwenda kutazama, mchana mmoja wa jua jepesi, nilisimama nje ya geti nikadhani nimekosea njia. Mapazia yalikuwa mapya, ya rangi ya asali, yameachwa wazi kiasi cha kiganja, kama mtu anavyoyaacha anapopenda mwanga lakini hapendi kutazamwa. Mlangoni palikuwa na viatu vya mwanamume, kimoja kimelala ubavu, na ndara za mwanamke zimekaa vizuri pembeni yake. Redio ilikuwa ikinong'ona mahali ndani. Uani, kwenye kamba, upepo ulikuwa umejaza shati moja la kiume mpaka likasimama kifua mbele, na karibu yake gauni likizunguka taratibu, likienda na kurudi, kama wawili wanaozungumza jambo lisilo na haraka. Chini yao, kwenye kamba fupi, palikuwa na vinguo vya mtoto mchanga.

Wifi alikuwa ameketi sebuleni sakafuni, mkono chini ya kidevu, akitazama vumbi likielea kwenye mstari wa mwanga.

"Wifi," nikamwambia, "nilisema nguo mbili tatu."

"Ukianika za mwanamume peke yake, watajua ni mlinzi. Ukianika za mwanamke peke yake, watakuja kuposa."

"Na za mtoto?"

"Watu wawili wakitulia hivi, lazima pana mtoto amelala."

Zote alikuwa amezishona kwa vipande vilivyobaki vya mapazia ya watu. Nikacheka, naye akacheka na pini zake mdomoni. Nilidhani ni mzaha wetu, na sehemu yake ilikuwa mzaha. Lakini aliporudi kwangu jioni alivua viatu, akakaa, akasema kama anayeleta habari za jamaa, "Leo wamechelewa kuamka." Siku nyingine, "Mume ana shati linalohitaji kola mpya." Siku nyingine tena, "Wamehamisha kiti karibu na dirisha la jikoni. Wana akili, pana upepo." Nikamwuliza kama wametumia na chumba cha mama. Akatikisa kichwa.

"Kile wanakiheshimu. Hawafungui."

Kila alipokwenda alibadilisha kitu: viatu vikageuzwa, shati jingine likaanikwa, taa ikahama chumba. Nami nilipokwenda naye nilijikuta nikipunguza sauti sebuleni bila kujua kwa nini, na mara moja, nikipita kwenye korido, nilikipisha kivuli cha pazia kama mtu anayempisha mwenzake.

Mbele ya nyumba ile, ng'ambo ya barabara, anaishi mama mmoja mjane kama mimi, tuliyezoea kumwita Bi Dirisha, tukidhani hajui. Bi Dirisha haulizi. Kuuliza, kwake, ni kazi ya watu wasioona vizuri. Nilikutana naye kwenye duka la mkate.

"Wapangaji wenu wana adabu," akaniambia.

Nikapokea chenji yangu.

"Huwasikii. Hata yule mtoto halii ovyo. Juzi alilia kidogo alfajiri, mama yake akamnyamazisha hapo hapo. Mama ana mikono yule."

Sikusema ndiyo wala siyo. Mtu akikupa sifa ya nyumba yako, huirudishi dukani kama mkate uliochacha.

Mambo yangekwenda hivyo mpaka siku ya kukabidhi funguo, kama shemeji asingepiga simu. Shemeji ni mtu wa kukumbuka jambo akiwa mbali, na kulisahau akiwa karibu.

"Shemeji, ile bima ya nyumba aliyokata mama bado ipo?"

"Ipo. Naiendeleza mimi."

"Umesoma masharti? Nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya mwezi, bima inalala."

"Inalalaje?"

"Usingizi wa kampuni, shemeji. Ukiiamsha, inakuuliza wewe nani."

Nikasoma, nikakuta ni kweli. Na benki ya mfamasia ilikuwa imesema wazi kwamba haitatoa mkopo kwa nyumba isiyo na bima mpaka siku ya kukabidhiana. Nikaenda ofisi za kampuni, nikaeleza bila kuzunguka kwamba nyumba ni ya urithi, haina mtu, inasubiri kuuzwa. Wakanieleza kwa upole kwamba kuna bima ya nyumba tupu, nayo ina masharti yake: umeme uzimwe kwenye swichi kuu, koki kuu ya maji ifungwe, kisibaki kitu cha kushika moto ovyo, na mtu mmoja wa familia aikague kila wiki. Lakini kwanza mkaguzi wao aende aione. Wakaniahidi siku na saa.

Mkaguzi alifika kabla ya saa. Nadhani ndivyo walivyofundishwa. Mimi na wifi tulimkuta barazani, mtu mzima wa makamo, viatu safi, kamera shingoni, amesimama mbele ya vile viatu viwili vya kiume akivitazama kwa huzuni.

"Mama," akaniambia, "mmeomba bima ya nyumba tupu."

"Ndiyo."

"Tupu ya namna gani?"

"Tupu. Haina mtu."

"Nimekuta nepi tatu kwenye kamba, bado zina unyevu. Redio inatangaza habari. Nimemuuliza mama wa pale mbele, ananiambia baba wa humu anafanya kazi zamu ya usiku, ndiyo maana haonekani mchana."

"Hakuna baba."

"Ana kikohozi, mama. Jirani amenieleza hata kikohozi chenyewe."

Wifi aligeuka akatazama ua. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikujua kama ni kicheko au kitu kingine. Nikamweleza yule bwana kwamba nguo ni za kuzuga wezi. Hakutaka kutuvunjia heshima, nilimwona, lakini alikaa kwenye ukingo wa baraza akatufafanulia kama mwalimu mzuri anavyomfafanulia mwanafunzi aliyefanya hesabu yote sawa akakosea swali.

"Siwezi kuandika tupu wakati jirani anaapa kuna watu. Siwezi kuandika kuna watu wakati wenye nyumba wanasema hakuna. Nikiandika tupu, kesho pakazuka moto, kampuni itatuma mtu kwa yule mama wa mbele kabla hata moshi haujaisha. Atasema aliyoyaona. Nanyi hamtapata chochote."

"Sasa tufanye nini?" wifi akauliza. Ndilo neno lake la kwanza.

"Toeni kila kitu. Na yule mama aingie ndani, aone kwa macho yake, aniambie mwenyewe. Narudi Ijumaa. Ikipita hapo, bima ya zamani imekwisha, na mpya haijaanza."

Jioni ile kwangu hatukuwasha taa mapema. Fundi saa alikuwa ametuma salamu mchana: muuza simu mmoja anakitaka kile chumba, tena yuko tayari, naye mzee hawezi kumsukuma mtu aliye tayari kwa ajili ya mtu anayesubiri. Bima ikikosekana, benki ingejitoa. Benki ikijitoa, mfamasia angeenda kununua kwingine. Wifi alijua hesabu hiyo kuliko mimi. Alikuwa ameketi na kitambaa mapajani, hashoni.

"Tutamwambia Bi Dirisha wamehama," nikasema.

"Wamehama na nini?"

"Na vitu vyao."

"Hajaona gari. Yule mama akikosa kuona gari la kuhamisha vitu, ataita polisi aseme wameuawa humo ndani."

"Basi walihama kidogo kidogo."

"Na mtoto mfukoni?" Akaniangalia, akatabasamu kidogo. "Wifi, wewe umesoma kuliko sisi sote. Lakini mficha uchi hazai."

Lililonikera halikuwa bima. Kumwingiza Bi Dirisha ndani ni kuuingiza mtaa mzima, na kumwonyesha sakafu tupu ya mama mkwe ni kumkabidhi maneno ya mwaka. Lakini nilikiona kile chumba cha mlango mmoja kikimponyoka mwanamke ambaye hajawahi kuomba kitu katika familia hii. Heshima ya nyumba ambayo haimtoshi mtu wake mmoja ni heshima ya nani? Nikasema, "Nenda kesho ukatoe vitu. Ijumaa nitakwenda kumwita mwenyewe."

Alhamisi alasiri nikamfuata kumsaidia kufunga mizigo. Nikakuta hakuna kilichofungwa. Nguo zilikuwa bado kambani, zimeshakauka, na upepo ulikuwa umeacha kuzishika, zikaning'inia kama watu waliochoka kusimama. Wifi alikuwa ukutani, magoti kifuani, mahali pale pale penye mstari wa mwanga.

"Nikizitoa, nyumba itakuwa tupu," akasema.

"Ndiyo tunachotaka, wifi."

"Hujanielewa." Akatoa pini mdomoni, zote, akazichoma kwenye ukosi wa blauzi moja moja. "Mtu akitoka kwenye nyumba yenye watu, ametoka tu. Utamsikia akirudi. Akitoka, nyumba ikabaki tupu, huyo amekufa."

Mimi ni mjane. Maneno yale hayakuhitaji kufafanuliwa. Nikakaa sakafuni karibu naye, jambo ambalo magoti yangu yalilipinga waziwazi, na tukautazama mwanga ukipanda ukuta. Friji ya mama ilikuwa ikivuma jikoni. Kwenye korido pazia lilivuta pumzi, likaitoa. Ningeweza kuapa kwamba mtu alipita kwa miguu mitupu kutoka chumbani kwenda jikoni, akiwa na shughuli zake, asiye na neno nasi. Hatukugeuka. Mwanga ulipofika juu ya mlango ukafifia, wifi akasimama, akashusha gonjo, ile fimbo ya pazia la kwanza, na mapete yake yakateremka mkononi mwake kwa mlio mwembamba.

"Nisaidie hili," akasema. "Refu."

Tukafanya kazi mpaka magharibi. Tulikunja mashati, nikagundua mengi hayakuwa na vifungo upande wa chini, mahali ambapo mtu wa ng'ambo ya barabara hawezi kuona. Chumba cha mama hakukigusa, nami sikumhimiza.

Ijumaa asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kumwita Bi Dirisha, wifi akaniwekea mkono begani. "Ni wapangaji wangu," akasema. "Acha niende mimi."

Nilimtazama akivuka barabara, mdogo, mnyoofu, mkoba wa mikasi kwapani kama anakwenda kupima dirisha. Sikusikia walichozungumza pale mlangoni. Nilimwona Bi Dirisha akimsikiliza, akaangalia nyumba yetu juu ya bega lake, madirisha yote ya mbele wazi sasa, hakuna pazia hata moja. Kisha akaingia ndani kwake, akatoka amebadilisha nguo. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kutoa pole.

Mkaguzi alikuwa ameshafika. Tukaingia wote wanne, na hatua zetu zikarudi kutoka kuta zote. Nilikuwa nimeisahau sauti ya nyumba isiyo na kitambaa. Bi Dirisha alitembea polepole, sebule, chumba cha kwanza, jiko. Alipofika uani akaitazama kamba tupu kwa muda. Nguo zilikuwa zimepangwa juu ya sanduku karibu na mlango. Akainama akaokota fulana ya mtoto, ndogo kama kiganja, akaigeuza, akaona ndani haikupindwa.

"Na mtoto?" akauliza.

"Ni vipande tu, dada," wifi akasema. "Vya pazia la sebule ya mwalimu mkuu."

"Nilimsikia akilia."

"Labda ni maji kwenye bomba. Bomba la jikoni hulia alfajiri."

"Labda," Bi Dirisha akasema, lakini aliikunja ile fulana vizuri, mikono ndani, kama inavyokunjwa nguo ya mtu, na hakuirudisha sandukuni mara moja.

Ikabaki chumba cha mama. Mkaguzi akashika kitasa, akatuangalia. Wifi akatangulia mbele yake, akafungua mwenyewe. Kulikuwa na giza la rangi ya udongo, harufu ya dawa ya kuchua, kitanda cha chuma bila godoro. Akaenda dirishani akavuta pazia, halikuja. Mapete yalikuwa yameshika kutu. Mkaguzi akamletea kiti, akakishika miguu, naye akapanda akainua gonjo zima na pazia lake juu ya kulabu, akashuka nalo mikononi kama mtu aliyebeba kitu kilicholala. Mwanga ukaingia. Ulikuwa mwanga wa kawaida kabisa. Ulionyesha ukuta, na alama ya kichwa cha kitanda ukutani, na vumbi.

Yule bwana alifungua jalada lake. Aliuliza kwa sauti ya kazi, na nashukuru kwamba aliitumia sauti ile.

"Nani anaishi humu?"

Bi Dirisha alimgeukia wifi. Wifi alikuwa bado amebeba pazia.

"Alikuwa akiishi mama yetu," akasema. "Amefariki. Sasa haishi mtu."

Tangu msiba sikuwahi kumsikia akiunganisha maneno yale. Alizoea kusema mama alipoondoka, mama alipotuacha, mama siku ile.

"Nawe mama wa mbele?"

"Ni kama alivyosema mwenyewe," Bi Dirisha akajibu. "Hamna mtu. Nimeona."

Mkaguzi akapiga picha zake. Kisha wifi akaenda kwenye swichi kuu, akaibonyeza chini, na friji iliyovuma tangu nilipoolewa katika familia hii ikanyamaza. Akaenda nje akafunga koki kuu kwa mikono miwili. Nyumba ikatulia kwa namna ambayo haikuwahi kutulia, si utulivu wa watu waliolala, bali ule wa kikombe kilichooshwa kikafunikwa. Wifi alisimama akiusikiliza. Uso wake ulikuwa na michirizi ya machozi, lakini pumzi yake ilikuwa ndefu.

Cheti cha bima kilitoka kabla ya wikendi. Benki ikaridhika, karatasi zikaendelea kukokota, na kila wiki wifi alikwenda kukagua kama ilivyoandikwa. Alinitaka niende naye. Tulifungua mlango, tukatazama koki, tukatazama swichi, tukapita vyumba vyote na kile cha mama, tukafunga. Hakuniletea tena habari za wapangaji. Alinisimulia juu ya mama: alivyopenda kukaa kitako barazani na kuwataja wapita njia kwa majina ya utani, alivyomchapa mara moja kwa kukata shuka jipya atengeneze pazia la mwanasesere. Nyumba ilipokuwa na watu wake wa kushonwa, mama hakuwa na mahali pa kukaa humo. Sasa alikaa popote.

Na mtaa? Mtaa ulisema, maana haikosi. Bi Dirisha alisimulia kila kitu, kuanzia duka la mkate mpaka foleni ya zahanati, nami nilijiandaa kutembea kichwa kikiwa juu kwa miezi kadhaa. Lakini yeye alikuwa na namna yake ya kumalizia. Alisema, nami nimeambiwa na watu wawili wasiopendana, kwamba ile familia hata nyumba yao tupu ilikuwa na adabu kuliko nyingine zilizojaa. Wenye chumvi wameongeza ya kwao baadaye, ya mizimu na mtoto wa usiku. Lakini msingi ni huo, na msingi huo naukubali.

Mfamasia na mkewe walikabidhiwa funguo kukiwa na mvua nyepesi. Fundi saa alikuwa ameshampa muuza simu jibu la hapana, akilalamika kwamba uzee umemfanya mpole. Wifi akahamia kwenye chumba chake na cherehani, meza ya kukatia, kitanda kimoja, na sanduku la vitambaa. Mimi nilimpa siku chache apange vitu vyake, kisha nikaenda kumtembelea, nimevaa vizuri, maana kwenda kwa mtu aliye kwake si sawa na kwenda kwa mtu aliye kwa watu.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa ikienda, kisha ikasimama. Nikabisha kwenye fremu.

"Hodi."

Kimya. Niliiona ncha ya kiatu chake chini ya meza, haisogei.

"Hodi humu ndani."

Kimya tena. Nikaelewa kwamba hakuwa akifanya kazi, wala hakuwa hajanisikia. Alikuwa ameketi pale akisikiliza anavyobishiwa hodi. Nikasogea nyuma hatua moja, nikairekebisha sauti yangu, nikabisha mara ya tatu kama mgeni wa kweli.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu," wifi akasema. "Pita ndani, nipo."